Baba anasali zamu yangu

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa vijana hapa Mwanza, kuhusu safari yangu ya kufika mahali pa kusema sijui kama Mungu yupo. Wengi mlinipigia mkasema mlikuwa kazini au nauli iligoma, kwaiyo nimeyaandika yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa zinaonyeshwa ukutani nimeziacha, hazikuwa na umuhimu.

Habari za jioni jamani. Wakubwa nawaona pale nyuma, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo vipi?

Naomba nianze na swali na mnijibu kwa mikono. Nani humu ndani ameshawahi kukaa msibani akasikia mtu anasema "kazi ya Mungu haina makosa"? Naona mikono yote. Haya ishusheni. Swali la pili hili msinyooshe mkono, jibuni moyoni tu. Nani aliyasikia maneno hayo akaitikia kwa mdomo lakini ndani kukawa na kitu kimekataa?

Mi kilikataa. Kilikataa nikiwa na miaka 19, na sa hivi nina 26, na hii miaka saba ndo nimekuja kuwasimulia.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe, Nansio. Baba yangu ni katekista wa kigango, mama yangu ni mwanakwaya mpaka leo. Kwetu rozari ilikuwa saa mbili usiku, umeme uwepo usiwepo, mgeni awepo asiwepo. Nimepata komunyo ya kwanza, nimepata kipaimara, sekondari nikawa kiongozi wa TYCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, likizo nikirudi kisiwani niko na VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki. Nayasema haya kwa sababu watu wengi wakisikia mtu haendi tena kanisani wanadhani labda hakufundishwa, labda ni makundi ya chuo, labda ni intaneti. Mimi nilifundishwa jamani. Nilifundishwa vizuri na nilipenda, na hata leo nikisikia kwaya inaimba kwa sauti nne nasimama barabarani mpaka waimalize.

Sasa, tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa Alhamisi, na kule kwetu Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora. Watu wa Ukara, kisiwa cha jirani, wanavuka asubuhi kuja kununua na kuuza, mchana wanarudi. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alivuka asubuhi na akapanda kurudi mchana na MV Nyerere. Kile kivuko kilitengenezwa kubeba abiria 101. Mia moja na moja. Waliokufa tu walikuwa 228, waliookolewa 41. Hiyo hesabu haihitaji mtu aliyesoma. Kilipinduka kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wanaona kwa macho yao, wengine wanawaona ndugu zao.

Siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai, alijificha sehemu ya injini palipobaki hewa. Kisiwa kizima tukalia kwa furaha. Watu wakasema Mungu mkubwa, na mimi nikasema Mungu mkubwa, nikasema kwa nguvu kabisa, alafu usiku nimelala chini pale kwa mama mkubwa na wafiwa wengine, usingizi hauji, ndo wazo likaja na halikuondoka tena. Kama ule mkono ulifika mpaka chini ya kivuko kilichopinduka ukamshika mtu mmoja, ulishindwaje kuwafikia wale wengine? Kulikuwa na watoto mle. Au mkono ulichagua? Na kama ulichagua, mimi nitamwambia nini mama mkubwa, kwamba mwanao hakuchaguliwa?

Kesho yake mazishi. Kaka akazikwa pale pale Bwisya na wenzake. Na kila aliyesimama, jamani, kila aliyesimama alisema kazi ya Mungu haina makosa. Ikaniuma. Maana mimi nilikuwa najua namba moja, 101. Ilikuwa inajulikana, na watu wamepanda mpaka wamepita mara mbili yake. Hapo Mungu amefanya kosa gani? Ameingiaje hata? Kosa lilikuwa la watu, lilikuwa la hapa hapa duniani, lilikuwa linahesabika. Na sisi kwa kumheshimu Mungu tukalichukua kosa la watu tukampelekea yeye alafu tukasema halina makosa.

Hapo ndo nilipoanzia. Sikuanzia kwenye kitabu.

Lakini kuna kitu cha aibu lazima nikiseme, maana nisipokisema nitakuwa nimewadanganya kuhusu hii safari. Mwaka uliofuata nikaenda chuo Dar, nikawa na hasira. Nikawa natafuta mtu wa kubishana naye. Niliona nimegundua kitu ambacho watu wote wamelala hawakioni. Nikarudi likizo, tukaenda Ukara kumsalimia mama mkubwa, tumekaa jikoni anamenya mihogo, akasema taratibu tu kama anaongea na mihogo yake, "namshukuru Mungu angalau nilimpata nikamzika." Na mimi, mtoto wake wa kumlea, nikamwambia, "Mama, huyo Mungu unayemshukuru alikuwa wapi siku ile?"

Hakunijibu. Aliweka kisu, akanyanyuka, akaenda nje kuwaangalia mbuzi. Mbuzi hawakuwa na shida yoyote. Alikaa huko mpaka giza likaingia.

Vijana wenzangu, naomba mnisikilize hapa. Swali langu lilikuwa swali la kweli, na bado ni swali la kweli. Lakini nililichukua nikalifanya kisu. Nilikuwa na uhakika, na uhakika ule ulikuwa wa aina ile ile ya wale waliosimama kaburini kusema haina makosa. Wao walikuwa na uhakika kwamba yupo na amepanga, mimi nilikuwa na uhakika kwamba hayupo na nyie ni wajinga. Na katikati yetu mama mmoja amekaa na mbuzi gizani, na hakuna kati yetu aliyemsaidia chochote.

Nilirudi chuo nikiwa siko sawa. Ndo nikaanza kusoma sasa, nasoma kwa kutafuta, nikakutana na mtu mmoja wa Uingereza, Thomas Henry Huxley. Alikuwa mwanasayansi wa viumbe. Mwaka 1860, mwezi wa tisa, alifiwa na mtoto wake wa kiume, anaitwa Noel, alikuwa hajafika hata miaka minne, homa ilimchukua ndani ya siku chache tu. Rafiki yake Charles Kingsley, padre wa Anglikana, akamwandikia barua ya kumfariji, akamwambia habari za uzima wa milele. Na Huxley akamjibu kwa barua ndefu. Kwa maneno yangu mimi, alimwambia hivi: sikatai kwamba mtu anaishi baada ya kufa, na wala siamini, kwa sababu sina cha kunifanya niamini na sina cha kunifanya nikatae. Na kule kutamani sana kumwona mwanangu hakuwezi kuwa ushahidi.

Nilisoma pale nikafunga. Mtu amefiwa na mtoto, anapewa tumaini bure mkononi, analitaka kwa moyo wake wote, na anasema siwezi kulichukua kwa sababu tu nalitaka. Alafu hamtukani yule padre! Anamwandikia kwa heshima, kurasa na kurasa.

Miaka tisa baadaye, 1869, huyo huyo Huxley ndo akatunga neno agnostiki. Alikuwa anakaa na wasomi ambao kila mmoja ana jina lake, huyu wa dini hii, yule wa falsafa ile, wote wana majibu, ye akaona hana jina kwa sababu hana majibu, akajitungia. Neno limetoka Kigiriki, maana yake asiyejua.

Sasa kwetu huku hili neno halina nafasi. Ukisema hivo unaambiwa mpagani, au kafiri, au mkana Mungu. Mkana Mungu anasema hayupo. Mimi sisemi hayupo. Ningejuaje kwamba hayupo? Nimekwenda wapi nikaangalia? Mimi nikiulizwa Mungu yupo nasema sijui, na nikiulizwa hayupo nasema sijui, na siyo sijui ya mtu anayekwepa swali la mtihani. Nimekaa na hilo swali miaka saba, nimelala nalo, na jibu la kweli nililonalo ni hilo.

Na msidhani hili neno ni la Wazungu. Waislamu mliopo hapa mnamjua Imam Malik wa Madina, mmoja wa maimamu wanne wakubwa wa fiqhi, yaani sheria za dini. Inasimuliwa kwamba alikuja mtu na maswali kama arobaini na nane, ametoka safari ndefu, na Imam akayajibu machache, maswali thelathini na mbili akasema sijui. La adri. Imam Malik! Mtu watu wanasafiri miezi kumfuata! Na masheikh mpaka leo wakimaliza kutoa jawabu wanasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Sisemi Imam Malik alikuwa kama mimi, hapana, yule alikuwa muumini kamili na nisingethubutu kumvuta upande wangu. Nasema neno sijui lilikuwa na heshima kwa watu waliojua kuliko sisi, sisi ndo tumelifanya aibu.

Na Wakristo, mkasome Ayubu. Wale rafiki zake watatu walikuja na majibu. Walikuwa na majibu ya kila kitu, umeteseka kwa sababu ulikosea, Mungu haonei mtu. Mwishoni kabisa, sura ya 42, Mungu anawakasirikia nani? Hao wenye majibu. Ayubu aliyelia na kuuliza na kulalamika sura na sura ndo anaambiwa amesema sawa. Hii baba yangu ndo alinionyesha, mimi ningeipita.

Kitu kingine kilichonifanya nishindwe kuwa na uhakika ni hili ziwa letu. Mapadre weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, walifika hapa Bukumbi mwaka 1883. Ni juzi tu hiyo, bibi yake bibi yangu alikuwepo. Kabla yao, mtu akitaka kuvuka salama alikuwa na mwenye ziwa wake, Wahaya wanamwita Mugasha, Waganda wanamwita Mukasa, na watu walimheshimu kwa moyo mmoja kama baba anavyoshika rozari. Hawakuwa wanaigiza. Ningezaliwa wakati ule ningeapa kwa Mugasha, ningezaliwa Unguja ningekuwa nimeswali alasiri leo, nimezaliwa Nansio nikabatizwa nina wiki tatu. Hii haisemi kwamba wote wamekosea. Inaniambia tu kwamba uhakika wangu wa utotoni nilipewa, kama nilivyopewa jina, na kitu ulichopewa ukiwa umelala una haki ya kukiangalia ukiamka.

Haya. Sasa linakuja swali ambalo najua mnalo, maana kila mtu ananiuliza, shangazi zangu wameniuliza, bosi ameniuliza, kaka mmoja aliyetaka kunioa ameniuliza. Sasa wewe bila kumuogopa Mungu, nini kinakuzuia usiibe?

Nirudi kidogo kwa Huxley. Kwenye ile barua anasema, siku anamzika mtoto, padre aliyekuwa anaongoza mazishi alisoma yale maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba kama wafu hawafufuki basi na tule na tunywe maana kesho tutakufa. Na Huxley pale kaburini akachukia. Akasema yaani kwa sababu nimempoteza mtoto nikiwa sijui kama nitamwona tena, ndo niwe mnyama? Akasema hata nyani mtoto wake akiuawa huomboleza, haendi kutafuta sherehe. Mimi naliona hilo kila nikienda msibani. Mtu anayelia pale halii kwa sababu ameamriwa.

Alafu niwape mfano wa huku kwetu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana hela, tuko wanawake ishirini na tano, mimi ndo mdogo kuliko wote na mimi peke yangu ndo siendi kanisani wala msikitini. Wamama wale wanamcha Mungu kwelikweli, tunafungua kikao kwa sala tunafunga kwa sala. Na sanduku letu la hela lina kufuli ngapi? Mnaocheza VICOBA semeni. Tatu! Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna mama hata mmoja aliyesema kwamba kufuli ni dharau kwa imani yetu. Wanajua mtu akibanwa na ada ya mtoto usiku wa manane shetani hahitajiki hata. Kwaiyo wakaweka kufuli wakalindana. Ule wema uliomo kwenye lile sanduku wameutengeneza wenyewe, kwa mikono, kwa kukubaliana, na kila wiki wanautengeneza tena.

Na nitawaambia kilichonizuia mimi, siku moja hivi. Nilienda kwa wakala kuweka shilingi 40,000 kwenye simu, palikuwa na foleni, yule binti akaandika haraka, nikaondoka. Nimefika nyumbani usiku nafungua meseji naona imeingia 400,000. Nikakaa kitandani. Nilikuwa nadaiwa kodi miezi miwili. Hamna aliyeniona, na kwa imani yangu mimi siwezi kuwaambia kuna aliyekuwa ananiangalia kutoka juu. Nilikaa na ile simu muda mrefu jamani, sitawadanganya kwamba niliamua hapo hapo.

Kilichokuja ni sura ya yule binti. Ana kovu dogo hapa juu ya jicho, na siku zote ananiita dada. Nikajua kile kibanda siyo chake, ameajiriwa, na jioni mwenye kibanda anafunga hesabu, na hiyo 360,000 ni mishahara yake mingapi sijui. Nikampigia namba iliyobandikwa kibandani haikupokelewa. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa pale. Alikuwa amekaa kwenye kindoo nje, macho yamevimba, hajalala. Nilipomwambia nimekuja kurudisha alinishika mkono hakuuachia mpaka tumemaliza muamala. Akasema, "Dada wewe ni mtu wa Mungu." Sikubishana naye. Nilimwambia asante, pole kwa usiku.

Mimi naiita utu. Tuna neno zuri kama hili na tunaenda kutafuta majibu mbali. Tunasema huyu hana utu, na hatujawahi kuuliza kwanza anasali wapi. Tumejua siku zote kwamba mtu anaweza kuwa na dini na asiwe na utu, na anaweza kuwa na vyote viwili, baba yangu anavyo vyote viwili. Hapa mimi nahangaika na hicho kimoja nilichobaki nacho, na kinanitosha kwa kazi za siku.

Na kuna kitu kutokujua kumenifanyia ambacho sikukitarajia, nacho ni kwamba kumeniongezea kazi. Zamani nilikuwa nikiona jambo baya naombea, nikishaombea nahisi nimefanya. Sa hivi sijui kama kuna anayesikia, kwaiyo nabaki mimi. Nikipanda boti, kitu cha kwanza nahesabu jaketi za kuokolea na nahesabu vichwa. Mwaka juzi tunatoka kisiwa kimoja tunaenda kingine na boti ya mbao, jaketi nilizoziona ni kumi na mbili na watu tumepita thelathini. Nikamuuliza nahodha zingine ziko wapi. Akaniambia, "Dada, Mungu yupo, kaa twende." Abiria nao wakaanza, unatuchelewesha, una mkosi wewe, Mungu yupo. Nikasimama nikasema kwamba hilo mimi silijui, ninachojua jaketi ni kumi na mbili. Nikashuka.

Na aliyeshuka wa kwanza baada yangu alikuwa mzee wa kanzu na kofia, na begi lake, akawa anasema kwa sauti ile boti yote isikie, "Mtume kasema mfunge ngamia wako kwanza ndo utawakali," yaani ndo umwachie Mungu. Wakashuka wengine sita. Boti ikaondoka na waliobaki, ikafika salama, na siku ile tulionekana wajinga gatini tumekaa juani na yule mzee mpaka saa tisa tukisubiri nyingine. Mimi sijutii. Na nawaambia stori hii hasa ninyi ambao mmeshaanza kama nilivyoanza mimi kuwaona wenye dini wote ni watu wa kufumba macho. Yule mzee anasali mara tano kwa siku na alihesabu jaketi kama nilivyohesabu. Tulikaa pamoja, akanigawia karanga, tukaongea habari za Mungu masaa matatu bila hata mmoja kumuudhi mwenzake.

Sasa niseme ya gharama, maana kuna watu humu wako njiani na sitaki waje kusema dada yule alituambia ni rahisi. Kisheria hamna tatizo. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini. Ndoa unaweza kufunga bomani, sheria ya ndoa ya 1971 inaruhusu. Hata sensa, tangu ile ya 1967 haijatuuliza tena dini zetu. Serikali haina shida na wewe.

Shida ni siku ukifa. Mnacheka, lakini hiyo ndo iliyomfanya mama yangu alie. "Utazikwa na nani?" Kule kwetu jumuiya, yaani majirani wa kanisa moja wanaosali pamoja, ndo inakuja msibani, jumuiya ndo inaimba, ndo inachota maji, ndo inapika, na wanaangalia kama ulikuwa unahudhuria. Padre anaweza asije. Mama haogopi moto wa milele kama anavyoogopa jeneza la mtoto wake limesimama uwanjani hamna wa kuimba. Na mimi hofu hiyo siwezi kuiita ya kijinga. Nimeikuta na mimi ninayo. Nilichofanya ni kuendelea kwenda misibani. Mchango wa rambirambi wa jumuiya ya mama natoa kila ukiitishwa, na nikiwepo Nansio nabeba ndoo, namenya vitunguu, nalala chini na wafiwa. Wakisali nakaa kimya. Mwanzoni walininong'ona. Sa hivi wananiita mapema kuja kupika.

Kwaya imeniuma na bado inaniuma. Hamna kitu nimekipata cha kuziba pale.

Na baba. Baba nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo, sikutaka asikie kwa watu. Miezi minne hakunipigia simu. Katekista, na binti yake kiongozi wa TYCS, mnaelewa alivyokuwa anaangaliwa kigangoni. Alafu siku moja asubuhi nasikia hodi, namkuta mlangoni kwangu hapa Mwanza na gunia la machungwa na mihogo mikavu, ametoka na meli ya kwanza iliyokuwepo. Nikamwamkia, akaitikia. Akala, akaoga, akakaa. Akaniuliza swali moja tu.

"Unasali?"

Nikamwambia, "Hapana baba. Sijui ningekuwa nasali kwa nani, na sitaki kukudanganya."

Akanyamaza. Akachukua chungwa akalimenya lote bila kukata ganda, vile alivyokuwa anatumenyea tukiwa wadogo. Akanipa. Akasema, "Basi mimi nitasali na zamu yako."

Zamu yangu. Kama zamu ya kuosha vyombo, kama zamu ya kuchota maji, ndugu amechoka au anaumwa mwingine anashika zamu yake. Sikumkatalia. Ningemkataliaje? Mama akinipigia anaanza na Tumsifu Yesu Kristo na mimi naitikia milele amina, kuna rafiki zangu wananiambia huo ni unafiki, mi nawaambia hapana, mama yangu anajua nisichoamini, nimemwambia, pale hatupimani imani. Ananiita na mimi naitika.

Mama mkubwa ndo alikuwa mgumu zaidi kwangu, maana yeye nilimuumiza. Ilinichukua miaka miwili kwenda kumuomba radhi. Nilipofika nikapiga magoti, nikasema mama lile neno la jikoni naomba unisamehe. Akasema, "Lile swali mwanangu hata mimi huwa namuuliza." Akanyamaza kidogo. "Ila huwa namuuliza yeye."

Tangu hapo, kila mwaka tarehe 20 Septemba nikipata ruhusa kazini naenda Ukara. Tunashuka naye Bwisya asubuhi na mapema, anasafisha pale kwa mwanawe, anawasha mshumaa anaanza rozari, na ye akianza hakatishi mpaka mafumbo yote yaishe. Muda huo upepo wa ziwa unakuwa umeamka, na mshumaa pale haukai. Kwaiyo ye anasali, mimi nachuchumaa upande wa ziwa na kanga yangu nimeitandaza hivi, nauzuia upepo.

Asanteni. Yule dada wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono tangu nikiwa kwenye habari za boti, mpeni maikrofoni aanze yeye.